Nilimtaja Rebeka Kabla ya Kufungua Faili

Nilimwita mwanafunzi wangu bora mwizi. Nilimwita hivyo mbele ya darasa zima, nimesimama, kalamu ya ubao mkononi. Sikulazimishwa. Nimekaa na jambo hili karibu mwaka mzima, na leo naliandika kwa sababu nimechoka kulibeba huku watu wakiendelea kuniita mwalimu.

Majina ya watu nimebadilisha. Langu mnisamehe, sitalitoa. Juba ni mji mkubwa lakini watu wake wanajuana.

Mimi ni mwanamke wa hapa, ila nimekuja nikiwa mtu mzima. Nimekulia Kitale, Kenya, ambako wazazi wangu walikimbilia vita. Kule ndiko nilikosoma kompyuta, na hadi leo nikikasirika kinachonitoka ni Kiswahili. Kibari, lugha ya mama yangu, nilikuwa nakisikia tu, kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Niliporudi, shangazi zangu walinisalimia kwa Kibari nikawajibu kwa Kiswahili. Wakaangaliana. Aibu ya siku ile ndiyo iliyoanzisha yote haya.

Nilikuwa na kazi ya ofisi, kazi ya takwimu. Lakini Jumamosi nilifungua darasa katika chumba cha kanisa, Hai Jalaba. Tulikuwa watu wazima saba na laptopu nne, na stima ya sola iliyokuwa ikitutoroka mawingu yakija. Nusu yetu tulikulia Kenya au Uganda, kwa hiyo tulifunzana kwa Kiswahili, tukachanganya na Kiarabu cha Juba pale Kiswahili kilipokwama.

Kile nilichokuwa nafunza ni hiki. Kompyuta haijui Kibari. Ukiandika Kibari kwenye simu, simu inakupigia mstari mwekundu chini ya kila neno, kana kwamba mama yako mzazi amekosea. Nilitaka tukusanye maandishi na sauti za wazee, halafu tuandike programu ndogondogo za Python: hii ihesabu maneno, hii itafute neno lililoandikwa kwa njia mbili, hii ikate neno uone mzizi wake. Mwishowe tungekuwa na kamusi, na kitu cha kusahihisha tahajia ambacho mtu angeweka kwenye simu yake. Ilikuwa ndoto ndogo, lakini yetu.

Tulianzisha darasa watu wawili, mimi na Lado. Huyu Lado tulikua pamoja Kitale, nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa michongoma. Mama yake akipika, mimi nakula. Mama yangu akichapa, sote wawili tunachapwa. Sina kaka wa damu, na sikuwahi kusikia upungufu huo kwa sababu yake. Tofauti yetu ilikuwa moja: yeye Kibari alikishika, maana bibi yake aliishi nao. Kwa hiyo kwenye darasa yeye alikuwa mtu wa lugha, mimi mtu wa programu.

Rebeka alikuja mwezi wa tatu wa darasa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mtulivu, anauza chai kwa madereva wa malori pale Sherikat. Alisimama mlangoni akauliza kama darasa ni la watu wenye digrii tu.

"Umesoma mpaka wapi?" nikamuuliza.

"Kidato cha nne, kambini Uganda. Hesabu nilikuwa napenda."

"Na Kibari unajua?"

"Kidogo sana. Mimi si Mbari."

Watu wakageuka kumwangalia. Kabila lake sitalitaja, lakini aliyeishi Juba anajua jinsi chumba kinavyobadilika mtu akisema yeye si wa hapa. Rebeka hakubabaika. Alisema marehemu mume wake alikuwa Mbari. Amemwachia watoto wawili, Keji wa miaka tisa na Wani wa sita. Nyanya yao anakaa mtaa wa Juba Na Bari, na yeye Rebeka anataka watoto wasije wakakaa mbele ya nyanya yao kama wageni.

Nikasikia kama ananisimulia mimi. Nikampa kiti.

Jamani, mwanamke yule alikuwa na kichwa. Baada ya wiki sita alikuwa anaandika programu ambazo mimi ilinichukua mwaka kuzielewa. Alikuwa na daftari la mistari, anaandika programu kwa mkono akiwa kwenye biashara yake, maji yanachemka, halafu Jumamosi anakuja kuichapa kwenye laptopu ya darasa na inafanya kazi mara ya kwanza.

Siku moja nilikuwa ubaoni nikionyesha jinsi ya kutafuta maneno yanayojirudia. Nilikuwa nimeandika mistari kumi na kitu. Rebeka akainua mkono.

"Mwalimu, si tungeweza kufanya hivi?"

Akaja, akaandika mistari mitatu. Ikatoa jibu lilelile. Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga, na nilitabasamu, lakini ndani kitu kiliniuma. Naomba mkumbuke hilo ninapoendelea, kwa sababu kwa muda mrefu nilijifanya halikuwepo.

Sasa nieleze kuhusu Haboba. Ndivyo tunavyomwita nyanya hapa, na ndivyo kila mtu alivyomwita mama mkwe wa Rebeka. Haboba hakuwa amemkubali Rebeka. Mwanawe alipofariki, Rebeka alikalishwa nyuma kabisa kwenye matanga, pamoja na majirani. Watoto walikwenda kumsalimia nyanya yao Jumapili, na mama yao aliwasubiri nje ya ua.

Ni darasa letu lililomwingiza ndani. Tulihitaji sauti za wazee, na Haboba alijulikana kwa Kibari chake safi. Rebeka akajikaza, akaenda na simu ya kurekodi, akaomba. Haboba akakataa. Akaenda tena, na tena. Mara ya nne yule mama akamwambia akae chini.

Rebeka alimrekodi wiki nyingi. Alimuuliza jinsi ya kukausha samaki, majina ya nyasi, namna ya kumwamkua mtu aliyefiwa. Na katika rekodi moja, Haboba alikuwa anaeleza habari ya mboga akanyamaza, halafu akaanza kumlilia mwanawe. Alilia kwa maneno, kama wanavyolia wanawake wa umri wake, akiwataja watoto wake wote waliomtangulia. Mwishoni akamwambia Rebeka, kwa Kibari, "Na wewe mwanangu, nilikukalisha nyuma."

Rebeka alituletea rekodi ile. Nilikwenda mwenyewe kwa Haboba nikamwahidi kwamba sauti zake hazitatoka kwenye darasa letu. Alinishika mkono akasema sawa. Hiyo ilikuwa ahadi yangu mimi.

Tulikuwa na sehemu tatu za kuhifadhi kazi. Kulikuwa na laptopu ya darasa, kulikuwa na flashi tuliyopokezana, na kulikuwa na laptopu ya Lado, kwa sababu yeye ndiye alikuwa anapitia Kibari chote kilichoandikwa.

Ilipita miezi kadhaa. Jumamosi moja, tukiwa katikati ya somo, mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa mwana mkubwa wa Haboba, shemeji yake Rebeka, dereva wa gari la ofisi fulani. Hakusalimia. Alitoa simu akaiweka juu ya meza yangu akabonyeza.

Ikatoka sauti ya Haboba. Analia. Anataja watoto wake waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na chini ya sauti maneno yanatembea kwenye kioo, yameandikwa.

Ilikuwa programu ya simu ya watu wa nje, ya kujifunza lugha za Afrika. Mtu yeyote duniani anaipakua, anachagua Kibari, anasikiliza. Msiba wa mwanamke yule umewekwa pale kama mfano wa matamshi.

"Abiria wangu, kawaja, ndiye alinionyesha," alisema shemeji. "Akaniambia anajifunza salamu za kwetu. Nikasikia mama yangu. Mwalimu, nani amemuuza mama yangu?"

Kawaja hapa kwetu ni mzungu. Nilishika simu ile, nikaona maandishi yetu, kazi yetu ya mwaka mzima, iko mikononi mwa watu nisiowajua. Nilihisi kama nimevuliwa nguo. Kuna mtu kati ya watu saba hawa, nikajiambia, amekula nasi, ameomba nasi, halafu ametuuza.

Nikageuka. "Flashi alikuwa nayo nani?"

Lado, akiangalia meza, akasema polepole, "Wiki zilizopita alikuwa nayo Rebeka."

Nyuma mtu akanong'ona kwa Kiarabu, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba kwani huyu alitafuta nini kwenye lugha isiyo yake.

Na mimi, badala ya kumnyamazisha yule aliyenong'ona, nikamgeukia Rebeka. "Umempa nani sauti ya mama mkwe wako?"

Alisimama. Hakupaza sauti. "Sijampa mtu. Mwalimu, umeangalia?"

"Niangalie nini?"

"Faili. Umefungua faili zao ukaangalia?"

Mbona aliniuliza hivyo, mbele ya wote? Nilisikia tena yale makofi ya siku ile. Nikaona ananifunza kazi yangu, tena akiwa na hatia.

"Wewe ni mwizi," nikamwambia. "Umetumia msiba wa mama wa watu. Chukua vitu vyako utoke."

Alichukua daftari lake. Shemeji yake alitoka nyuma yake. Na niseme ukweli wote kwa kuwa nimeshaanza: mlango ulipofungwa, chini kabisa ya hasira na uchungu wangu, kulikuwa na nafuu kidogo. Sasa hakuna mtu atakayenisahihisha ubaoni.

Jioni ileile, yule mwana mkubwa alikwenda Sherikat akawachukua Keji na Wani. Kwa desturi watoto ni wa ukoo wa baba, mahari ilishalipwa, na ukoo ulisema mwanamke aliyeuza kilio cha mama yao hawezi kulea damu yao. Haboba mwenyewe, nilisikia, alifunga mlango wa chumba chake.

Jumatatu nilimkuta Rebeka kwenye lango la ofisi yangu. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alisema. "Wamechukua watoto. Naomba kitu kimoja tu. Twende kwa Haboba, wewe umwambie huna uhakika. Usiseme mimi ni mzuri. Sema tu huna uhakika."

"Nitasemaje sina uhakika na flashi ulikuwa nayo wewe?"

"Flashi sote tumeishika. Nipe laptopu ya darasa siku moja. Nitakutafutia nani."

"Nikupe laptopu uende ukafute?"

Alinitazama. Nakumbuka askari wa lango aliacha kusikiliza redio yake. Rebeka akasema, "Basi. Kalas." Akaondoka kwa miguu, mikono imeshika pindo la nguo ili lisiguse vumbi.

Ningeweza kumwita arudi. Sikumwita. Niliingia ofisini, nikaosha mikono, nikaanza kazi.

Miezi mitano ilipita hivyo. Darasa liliendelea, lakini lilikuwa limekufa bila kuzikwa. Tulikuwa wanne, tunaongea kwa tahadhari, hakuna anayemwachia mwenzake flashi. Lado alikuwa na furaha ya ajabu kipindi hicho. Alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma nje, habari za lugha na kompyuta. Nilimfanyia sherehe ndogo nyumbani kwangu. Nilimpikia mimi mwenyewe. Nilimwombea.

Wiki mbili kabla hajasafiri, nilikuwa naandaa somo kuhusu jinsi kompyuta inavyohifadhi herufi. Ni somo la kuchosha lakini ni la lazima kwa lugha kama yetu. Kibari kina sauti ile ambayo kwa Kiswahili tunaiandika ng', kama kwenye ng'ombe. Kwa Kibari huandikwa kwa herufi moja, n yenye mkia, hivi: ŋ. Ukiihifadhi kwa mtindo mpya wa kompyuta, inabaki salama. Ukiihifadhi kwa mtindo wa zamani, kompyuta haiitambui, inaweka alama ya kuuliza mahali pake. Neno linabaki na shimo.

Nilitaka mfano mbaya wa kuwaonyesha wanafunzi. Nikakumbuka kwamba kwenye ile programu ya simu maandishi yalikuwa na alama za kuuliza katikati ya maneno. Siku ile ya kwanza niliziona kabisa, nikadhani ni uzembe wa wenye programu. Basi nikaipakua, nikafungua Kibari, nikaanza kunakili.

Mkono wangu ukasimama.

Laptopu ya darasa ilihifadhi kwa mtindo mpya. Niliiweka hivyo mwenyewe. Rebeka hakuwa na laptopu, alitumia hiyohiyo ya darasa. Mtu mmoja tu kati yetu alikuwa na mashine iliyokula mikia ya herufi, na nilikuwa nimemgombeza kwa sababu hiyo mara nyingi, tukicheka. "Lado, rekebisha mashine yako, unatuharibia kazi." Naye, "Kesho, dada, kesho."

Nilijiambia huenda ni bahati mbaya tu. Nikafungua barua pepe yangu, nikatafuta nakala ambayo Lado aliwahi kunitumia kutoka kwenye laptopu yake. Nikaandika programu fupi ya kulinganisha maandishi yake na yale ya kwenye simu, mstari kwa mstari, herufi kwa herufi. Haikuchukua hata dakika. Yalikuwa sawa kila mahali. Hata makosa ya tahajia yalikuwa ni yaleyale. Halafu nikalinganisha na nakala ya darasa, ile Rebeka aliyokuwa anaitumia. Kioo kilijaa tofauti.

Mistari saba tu ya programu, ya kiwango cha wiki ya pili ya somo langu mwenyewe. Kazi ambayo ningeimaliza Jumamosi ileile, shemeji akiwa bado amesimama mezani. Niliulizwa, "Umeangalia?" Na sikuangalia, kwa sababu sikutaka kuangalia.

Nililia mchana kutwa. Halafu nikamwita Lado.

Tulikutana kwenye hoteli ya Msomali mmoja, hapohapo Hai Jalaba, tulipozoea kula baada ya darasa. Nikamwekea laptopu mbele yake. Alisoma. Uso wake haukubadilika sana, na hilo liliniumiza kuliko kama angekataa.

"Waliniambia ni utafiti," akasema. "Walihitaji sampuli. Waliniahidi wataniandikia barua ya kunipeleka chuoni. Sikujua wataweka sauti hadharani, naapa."

"Lakini ulijua ulizitoa wewe."

"Nilijua."

"Na ulikaa pale ukaona Rebeka anafukuzwa. Watoto wamechukuliwa, Lado. Ulikuja kwangu ukala chakula changu."

Akasukuma kikombe pembeni. "Dada, mimi niliulizwa flashi ilikuwa na nani, nikajibu. Ilikuwa na Rebeka, si kweli? Jina la mwizi ulilitoa wewe."

Nikaifunga laptopu. Mtu niliyemjua tangu nikiwa na meno ya utoto alikuwa amenisaliti, na sentensi ya mwisho aliyoniambia ilikuwa ya kweli.

Alisafiri. Yuko huko hadi leo, anasomea lugha. Hatuongei.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Juba Na Bari. Haboba alikuwa amekaa uani anachambua mchele, Wani yuko karibu yake anacheza na kifuniko. Nilipiga magoti. Nilimweleza kwa Kibari changu kibovu, na nilipokwama nikatumia Kiarabu. Nilimwambia aliyetoa sauti ni Lado. Nilimwambia Rebeka hana kosa. Nilimwambia niliyevunja ahadi ni mimi.

Aliendelea kuchambua mchele mpaka nilipomaliza.

"Ulimuuliza yule mtoto kabla ya kumfukuza?" akasema.

"Sikumuuliza, Haboba. Nilimshtaki tu."

"Mimi pia sikumuuliza." Akaweka ungo chini. "Binti, sauti ile sikukupa wewe. Nilimpa mke wa mwanangu. Ulimnyang'anya, halafu ukamwita mwizi."

Akamwita mwanawe mkubwa. Mchana uleule watoto walirudishwa Sherikat.

Mimi nilikwenda siku ya tatu, kwa sababu siku mbili za kwanza miguu ilikataa. Rebeka alikuwa anafunga biashara, birika zimeingizwa kwenye gunia, viti vya plastiki vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Aliniona akasimama. Halafu akatoa birika moja kwenye gunia, akawasha moto, akanichemshia chai. Akanikabidhi kikombe.

"Haboba ameniambia," akasema. "Alikuja hapa mwenyewe. Alikaa hapo ulipokaa."

"Rebeka, nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilishakusamehe kwa sababu ya Mungu, ili niweze kufanya kazi." Alikuwa anakunja kitambaa cha meza. "Lakini nikueleze kitu ambacho hujui. Usiku wa kwanza waliporudi, Keji hakutaka kulala karibu na mimi. Asubuhi akaniuliza, 'Mama, ulimuuza Haboba kwa pesa ngapi?' Miezi mitano alikuwa anakaa na swali hilo. Mtoto wa miaka kumi. Hilo, Mwalimu, utalifuta kwa programu gani?"

Sikuweza kunywa ile chai. Nilimwambia darasa ni lake akitaka, laptopu ni yake, nitasimama mbele ya kila mtu nirudishe maneno yangu. Akatikisa kichwa.

"Tunakwenda Arua, Uganda, kwa dada yangu. Watoto wataanza shule huko."

"Na Kibari chao?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta njia ya kujibu bila kumuumiza mwenzake. "Malesh, Mwalimu," akasema. Pole. Alinipa pole mimi.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya darasa nikayasema yote. Yule aliyenong'ona siku ile alianza kulia. Wengine baada ya hapo hawakurudi, mmoja baada ya mwingine. Siwalaumu. Chumba sasa kinatumiwa na kwaya.

Nimewaandikia wenye programu ile ya simu mara nyingi, nikiwaomba waitoe sauti ya Haboba. Wananijibu kwa adabu kwamba ombi limepokelewa. Sauti bado iko. Nimekwenda kwa Haboba kumweleza, akaniuliza, hao wanaomsikiliza wanaelewa anachosema? Nikamwambia wengi hawaelewi. Akasema, "Basi wanacheza na msiba wangu." Anakaa peke yake sasa. Jumapili hakuna mtoto anayekuja kumsalimia, kwa lugha yoyote.

Nyinyi mnaosoma, labda hamfunzi kompyuta, labda mnafunza kushona au mna duka na wafanyakazi wawili. Naomba mnisikie. Siku utakayohisi umesalitiwa, ndiyo siku ya kunyamaza na kuangalia. Moyo uliochomwa hautafuti ukweli, unatafuta mtu, na mara nyingi unamchukua yule asiye na ukoo wa kumtetea chumbani. Ukimwamini rafiki kwa sababu mlikula sahani moja, mwamini, lakini usimhukumu mwingine kwa imani hiyo. Na ukibeba sauti ya mtu, jua umebeba mtu mwenyewe.

La mwisho ni la walimu wenzangu, na ndilo gumu kwangu kuliandika. Ukipata mwanafunzi anayekuzidi, utaumwa kidogo. Si dhambi, ni ubinadamu. Lakini ujue uchungu huo uko pale umekaa, unasubiri siku ambayo utaonekana kama haki. Wengi wetu tunafunza miaka mingi bila kumpata mwanafunzi wa namna hiyo. Mimi nilimpata mmoja, aliingia mwenyewe mlangoni akaomba kiti, na nilimtoa kwa mdomo wangu.